Mwalimu Anatoli na Jina la Shule Lililofutwa

Na Violeth Kija, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya klabu ya kompyuta

Baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na mmoja, Mwalimu Anatoli Masele anastaafu tarehe 30 Juni. Shule yetu hapa Bariadi ilimpokea kama mwalimu wa Hisabati. Kompyuta zilipoletwa, alitumia likizo zake kujifunza ili atufundishe na sisi.

Wengi watamkumbuka kwa kuzifunika kompyuta kanga kuukuu za mkewe, Mama Milembe, ili vumbi lisiingie. Asubuhi alizifunua huku akizisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", na kudai kwamba zisiposalimiwa haziwaki.

Alitufundisha pia kuwakwepa matapeli: ujumbe ukikutisha na kukudai malipo, ufute. Tukambandika jina la Mzee Futa, naye akacheka.

Hata mhazini wetu, Bi. Felisita, alilishika somo hilo. Wakala aliyesajili jina la tovuti ya shule alipotuma ujumbe kwamba muda wa jina hilo unaisha na linatakiwa kulipiwa, yeye aliufuta kila ulipoingia. Ameniruhusu niandike hivyo. Mwezi Januari jina letu likafutwa. Wazazi kutoka huko Mkula waliotafuta fomu za kujiunga hawakuona kitu, na mjini ikasemwa shule imefungwa.

Yanayofuata ni aibu yetu. Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu alisimama akasema kosa ni lake, bila kumtaja mtu. Wanafunzi wakamzomea. Nyuma ya ukumbi wakaimba Mzee Futa, safari hii si kwa utani, na hakuna mkubwa aliyewanyamazisha.

Kumbe Mwalimu alikuwa ameshaulizia namna ya kulirudisha jina. Jina lililofutwa hushikiliwa kwa muda mfupi, na mwenye nalo anaweza kulirudisha. Muda huo ukipita, yeyote anaweza kulisajili likawa lake. Mwalimu alithibitisha kwamba jina ni la shule, akaipigia simu ofisi ya wakala mara nyingi mpaka wakamjua kwa sauti. Jina likarudi, tovuti ikafunguka. Sasa taarifa za malipo zinafika kwa mkuu wa shule, na klabu yetu pia inazifuatilia.

Lakini jina liliporudi, hakuna aliyewaita wazazi kuwaambia ni nani aliyelirudisha. Leo wazazi wapo hapa kukuaga. Mwalimu, tunakuomba radhi mbele yao.

Asante kwa kutufundisha, na kwa kubeba lawama isiyokuwa yako peke yako. Nenda salama nyumbani Zagayu, wewe na Mama Milembe, mkaishi kwa afya na kwa heshima ambayo tulichelewa kukupa.