Mtunza Safu ya Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma historia hii, na ingawa sauti imemkauka na hajapata usingizi wa maana tangu Jumapili, ataisoma mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, wa kwanza kati ya mabinti wawili, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akasoma chuo cha kilimo, ambako mwalimu wake alimbandika jina la Bi Kwanini, nalo likamganda mpaka leo.

Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, akapewa kitalu cha vioo chenye paa linalovuja, akabaki humo miaka thelathini na minne, akitafuta jinsi jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya mmea, zinavyoamua sehemu hii ya ua iwe petali na ile itoe chavua. Alikuwa akitueleza mezani, sisi tukisinzia, kwamba hapo kale jeni moja ilinakiliwa ikawa mbili, na baada ya vizazi vingi zikagawana kazi, kama dada wawili, mmoja anapika, mwingine anaosha vyombo.

Tarehe 14 Juni 1988 alifunga ndoa na fundi bomba aliyeitwa kuziba mabomba ya kitalu hicho, ambaye mpaka anafariki mwaka 2012 alitania kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni maua. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni dereva wa lori.

Kipenzi chake kilikuwa safu ya tatu ya maua kitaluni humo, ambamo jeni moja imeharibika, hivyo mahali pa chavua panaota petali, petali juu ya petali, ua likanona kuliko yote. Lakini ua hilo halizai. Ukoo wake unaendelezwa na miche ya kawaida iliyo kando yake, isiyovutia jicho, inayobeba hitilafu hiyo kimyakimya na kuirithisha kwa mbegu.

Mradi ulipofungwa mwaka 2019, alihamishia safu hiyo uani kwake, na mwaka 2021 akapanda mbegu zote zilizobaki, maana zilishaanza kuzeeka, na fundi wa maabara aliyerithi kazi yake kituoni alikuwa akisubiri mbegu mpya. Figo zikamwangusha, akalazwa tarehe 3 Agosti, akamwachia mdogo wake, ambaye ni fundi cherehani, ufunguo wa geti na maneno mawili tu: "Mwagilia, palilia."

Mdogo wake alimwagilia na kupalilia kwa moyo wote, akitaka dada arudi akute bustani inang'aa, na ili yale mazuri yapate nafasi, akang'oa miche yote ya kawaida. Marehemu alirudi tarehe 21 Septemba, akaitazama safu, akasema, "Yamependeza," akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwamba bila miche ile ya kawaida hakuna mbegu tena, mdogo wake alikuja kuelewa baadaye, kwa fundi wa maabara, akashindwa kuomba radhi, na kwa miezi kumi na tatu ya kumpeleka kuchujwa damu, mara tatu kwa wiki, hakuna aliyeligusa jambo hilo.

Alifariki Jumapili, tarehe 16 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, wodi ya figo. Jumanne, tukitafuta cheti chake cha kuzaliwa, tulikuta daftari la kazi, na tarehe ile ya 21 Septemba ameandika: "Safu ya tatu imeisha. Sikumweleza mdogo wangu. Kosa ni langu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa kituo cha utafiti. Na mdogo wake anamwomba fundi wa maabara, mbele yenu nyote, asahihishe daftari hilo kabla ya kulihifadhi, kwani kosa halikuwa la marehemu, mikono iliyong'oa ni hii iliyoshika karatasi. Nisamehe, dada. Umechoka mno, nami nimechoka, basi tangulia wewe kupumzika, kwa amani.