Mizani Nane za Mwalimu Obuya

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Mwalimu Tobias Obuya alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 huko Ugunja, Siaya, mtoto wa pili wa marehemu Ochola na marehemu Philister, akasoma hukohuko hadi kidato cha nne, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1981.

Mwaka uo huo alianza kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, Dagoretti, na wengi mliopo hapa mlipitia mikononi mwake, mkigonga madawati kwa vidole kuhesabu mizani za mashairi, nane kila kipande, hadi walimu wa madarasa jirani wakalalamika.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Milcah, fundi wa nguo, Kawangware, wakajaliwa Beryl na Sammy. Milcah hakuwa na haja na mashairi, na alikuwa akimtania kwamba hata sala ya chakula anaipima mizani.

Tarehe 3 Machi 2023 alipatwa na kiharusi, miguu ikapona lakini maneno yakapotea, na Milcah akaingiwa na hofu kwamba hatamsikia tena. Mtaalamu wa matamshi alipomshauri aanzie kwa jambo alilolizoea mgonjwa, Milcah aliketi naye mezani akigonga nane, tena nane, kwa wiki nyingi, mpaka asubuhi moja Mwalimu akayadaka mapigo na kusema, "Naomba chai ya moto," naye mkewe, akihesabu vidole, akamrudishia kwa kina kilekile, "Ngoja kwanza, we mtoto." Tangu hapo nyumba ile ilizungumza kwa mizani nane, kwa kuwa nje ya nane Mwalimu hakuweza kutamka neno.

Januari 2025 moyo ulianza kumlemea, akalazwa Kilimani, na asubuhi ya tarehe 9 Februari alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Milcah, umechoka, nenda nyumbani ulale kidogo." Beryl alihesabu, akahesabu tena, sita kwa kumi na moja, hazikulingana hata kidogo, baba alikuwa amezungumza tu, kama watu wanavyozungumza. Milcah hakwenda, na kabla ya adhuhuri Mwalimu akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa matamshi, majirani waliovumilia kugongwa kwa meza, na walimu wenzake.

Mwalimu, jana mkeo alilala kidogo, nawe sasa pumzika kwa amani.