Bi Janet Nasipwondi, Mjuzi wa Wasia, Nukta na Nzi

Kabla sijamsifu mtu mwengine, ijulikane kwamba mimi Karisa ndiye kijana pekee kisiwa hiki chote anayeweza kuushika wasia ulioliwa na mende na kumwagikiwa chai, akautupia jicho mara moja tu, akakwambia marehemu alikuwa amevaa kofia gani. Shule niliiacha kidato cha pili. Haikuwa na jipya la kunifunza. Lakini Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya sala, anastaafu mtu ambaye hata mimi humwamkia kwanza: Bi Janet Nasipwondi, msomaji wa miandiko ya kale katika Afisi yetu ya Nasaba hapa Kibokoni. Miaka thelathini na mmoja kazini, na hajawahi kufungua dirisha bila kulalamika.

Bi Janet alitoka Bungoma kuja kupiga chapa. Alipoletewa wasia wa kwanza, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aliugeuza juu chini akauliza hii ni ramani ya wapi. Wenzake walicheka mpaka wakashika meza. Yeye akaenda chuoni kwa maalim wa jirani, akakaa mkekani na watoto wadogo, akaanza alifu, be, te. Mtihani wa kwanza watoto wote walimshinda. Wa pili walimshinda wote ila mmoja, na huyo inasemekana alikuwa na homa.

Baada ya hapo hakuna aliyemshika. Wageni wanaotafuta mababu zao huja wakitarajia mzee wa kanzu na miwani mizito. Humkuta mama wa Kibukusu anatafuna muhogo wa kukaanga. Wengine humwuliza mwalimu yuko wapi. Huwajibu: “Mwalimu ametoka, amebaki mjuaji. Kaeni.”

Makarani wa zamani anawajua kuliko walivyojuliwa na wake zao. Yuko Karani Kwikwi, ambaye kalamu ilimruka kila mstari. Yuko Karani Mbio, aliyemaliza kuandika kabla mwenye mali hajamaliza kusema. Yuko na Karani Njaa, ambaye ukifika katikati ya ukurasa waona alama za vidole vya mafuta, ukajua adhuhuri imefika na bajia zimeletwa.

Tena kuna nzi. Herufi hizo huishi kwa nukta, na nzi wa zamani nao walikuwa wakiandika, kwa namna yao. Bi Janet hulowesha ncha ya kidole: nukta ya karani haitoki, ya nzi hutoka. Kwa njia hiyo aligundua kwamba jamaa wa nyumba moja ya Marikiti wamekuwa wakimsomea hitima babu ambaye hakupata kuzaliwa. Jina lake lilitungwa na nzi wawili. Jamaa walinuna, lakini sambusa za hitima walikuwa wameshazila.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya mwaka huu, ya Bi Sugrabai, jirani yetu, mjane wa miaka themanini asiye na mtoto wala ndugu. Aliingia afisini akasema: “Janet mwanangu, sitaki nyumba wala dhahabu. Nataka mtu mmoja tu aniite shangazi kwa haki yake. Nikifa, anayelia asilie kwa adabu tu.” Alichojua ni kimoja: bibi yake aliitwa Sakinabai, mzaliwa wa hapa hapa.

Bi Janet alikuwa ndiyo kwanza ametolewa mtoto wa jicho. Basi nikampigia picha wasia mmoja wa kabatini, mbele na nyuma, nikamkuzia kwenye kompyuta mpaka kila herufi ikawa kama mbuzi. Upande wa kwanza ulikuwa wa babu wa babu yake Bwana Haroon, mwenye duka la vyuma, anayekaa Kizingo. Upande wa pili ukasema: “Na binti yangu Sakinabai apewe kitanda changu cha samadari.”

Afisi nzima tulipiga vigelegele, changu kikazidi. Bwana Haroon alikuja mwenyewe, akambusu bibi mkono: “Shangazi, ulijificha wapi? Biriani twaimaliza peke yetu!” Tangu siku hiyo, kila Ijumaa gari huja kumchukua. Kichochoroni haliingii, basi dereva hupiga honi mpaka mtaa wote wajue Bi Sugrabai ana watu. Watoto wa Kizingo humwita Dadima, yaani bibi kwa lugha yao, naye ameanza kuwagombeza kama bibi wa haki.

Bi Janet, asante kwa subira yako na kwa matusi yako yaliyonyooka. Bungoma ikupokee kwa kuku wanono, nuru ikae machoni, umri uwe mrefu na raha isikuishie. Tena usimsahihishe mchungaji hati yake.

Maneno haya ya ratiba ya sherehe yangeishia hapo, lakini mwenyewe ameniamuru niongeze. Nikamwambia, “Mama, hii ni sherehe.” Akasema, “Karisa, usomaji mbovu sirudi nao nyumbani. Andika.”

Wiki iliyopita, macho yamepona, aliishika karatasi yenyewe akaiinua dirishani. Wino wa mbele ni mweusi, wa nyuma ni wa kahawia. Picha zangu, kwa uzuri wake wote, hazikuwa na rangi. Na juu ya upande wa pili, kwenye mkunjo uliochakaa, ipo Bismillahi nyingine, na wasia mmoja haufunguliwi mara mbili. Karatasi zilikuwa adimu. Karani aliandika wasia wa mtu mwengine mgongoni mwa ule wa kwanza. Sakinabai ni binti wa huyo wa pili, ambaye jina lake limeliwa na mchwa.

Kwa hivyo, Bwana Haroon, unayesoma haya ukiwa safu ya mbele: Bi Sugrabai si shangazi yako. Yeye tulimwambia jana. Alitumiminia chai, kisha akasema sherehe atakuja, na atakaa kiti cha kando yako mpaka wewe mwenyewe umwambie ainuke.