Kitambaa Cheupe cha Mama Syokau

Bi. Syokau Mbuvi, mpika rangi wetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 1959, baada ya kuitumikia Karakana ya Wafumaji ya hapa Thika kwa miaka ishirini na mmoja. Naandika neno "anastaafu" bila wasiwasi, ingawa tumeshamuaga mara mbili, tukala keki, tukalia, na Jumatatu tukamkuta anachochea sufuria. Safari hii anaenda kweli. Mzee Mbuvi, mumewe, anaweza kuanza kupumua.

Alitujia kutoka Kangundo mwaka wa 1938, mtoto mgongoni na furushi la magome kichwani. Karakana wakati huo ilikuwa banda la mabati na vitanda viwili vya kufumia, na mablanketi yetu yalikuwa na rangi ile ile waliyozaliwa nayo kondoo. Yeye ndiye aliyetupa kahawia ya magome ya miwati, manjano ya maganda ya vitunguu, na ule wekundu wa magome ambayo dada yake humletea kutoka Ukambani.

Lakini kilichotupatia jina ni rangi nyeusi. Uzi huchemshwa na magome ya miwati, kisha hufukiwa katika tope la kinamasi cha kule Ruiru. Hutolewa, huanikwa, huoshwa mpaka maji yatoke safi, halafu hurudishwa topeni tena na tena. Ni kazi ya subira, na ni kazi ya harufu. Kitanda changu kiko jirani na pipa la tope, na mke wangu Nafuna hujua nimefika nyumbani kabla sijapiga hodi.

Miaka ile ya mwanzo, mama mmoja wa Ruiru alinyeshewa njiani akiwa amemfunika mtoto mchanga kwa blanketi letu jipya. Kesho yake alilirudisha, pamoja na mtoto mwenye mabaka meusi toka utosini hadi nyayoni. Mama Syokau alimwogesha mtoto yule kwa mikono yake, akaomba radhi, kisha akaenda dukani kununua kitambaa cheupe cha kichwa.

Tangu siku hiyo hakuvaa rangi nyingine kichwani. Kila uzi mpya ukikauka, huulowesha, huvua kitambaa chake na kuusugua nacho hapo mbele ya watu wote. Kitambaa kikibaki cheupe, uzi unakuja kwetu wafumaji. Kikichafuka, uzi unarudi topeni, naye anajifunga kitambaa hivyo hivyo na doa lake wiki nzima, kazini, sokoni na hata kanisani. Akiulizwa doa la nani, husema ni lake, hata kama rangi ilipikwa na mwingine na sisi sote tunamjua. "Heri kichwa changu," husema, "kuliko mtoto wa mtu."

Siwezi kuacha kisa cha askari. Siku za Hali ya Hatari wengi wetu hatukuruhusiwa kusogea karibu na kinamasi. Yeye alipata pasi ya serikali ya kusafiria, akawa anapita peke yake na karai la uzi uliofukiwa topeni. Askari mmoja wa kizuizi cha barabarani akaamini kwamba karai lile limeficha silaha. Akakunja shati, akazamisha mkono, akapapasa weee, asipate ila uzi. Mkono ukatoka mweusi hadi kiwikoni, na sabuni zote za kambi zikashindwa. Siku chache baadaye alibisha hodi hapa kwetu, mpole kama kondoo, mkono umefichwa mfukoni. Mama Syokau akamkatia ndimu. "Sugua na hii, kijana wangu," akamwambia. "Na siku ingine uliza tu. Mimi ningekuambia." Hakupekuliwa tena.

Sasa nieleze kwa nini amechelewa kustaafu. Aliapa kwamba hatatoka hapa mpaka aache mtu ambaye rangi yake nyeusi haitachafua kitambaa, na mtu aliyemchagua ni Gathoni, msichana wa Ruiru anayejifunza kazi kwake. Mwaka juzi tulimuaga. Gathoni akapika rangi akiwa na haraka, hakuosha uzi vya kutosha, na kitambaa kikatoka na doa kubwa. Mama Syokau akafungua furushi lake. Mwaka jana tukamuaga tena. Gathoni, kwa woga, akazidisha tope. Doa likawa kubwa kuliko la kwanza, na Mama Syokau akaenda nalo kanisani siku ya Krismasi. Akina mama wa mtaa wa Kamenu walimwuliza, naye akajibu kwamba uzee umemharibia mkono. Gathoni alikuwa ameketi benchi la nyuma yake. Alilia ibada nzima.

Kangundo nako mambo hayakuwa mazuri. Mzee Mbuvi amejenga nyumba, ameipaka chokaa, na kwa miaka miwili amelala humo peke yake. Mara ya mwisho alipokuja kutusalimu alituuliza waziwazi kama karakana imemwoa mke wake. Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Mama Syokau pia amechoka. Magoti yanamsumbua, na wengine wetu tulianza kuogopa kwamba kiapo kile kitamzika hapa.

Jumatatu iliyopita Gathoni alileta uzi alioupika bila mtu kumwangalia. Vitanda vyote vilinyamaza. Mama Syokau akaulowesha, akavua kitambaa, akasugua. Akatazama. Akasugua tena, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta ugomvi. Akakipeleka kitambaa mlangoni penye mwanga. Kilikuwa cheupe.

"Wee Gathoni," akasema, "hii hata mvua ya Kangundo haitoi!" Kisha akaketi juu ya gunia la sufu akalia, akacheka, akasema asante Mungu, sasa naenda kwetu. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Sijui ni lini mara ya mwisho nilipofurahi namna ile ndani ya banda hili.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, tulidhani atasema blanketi. Hapana. Alisema ametamani kitambaa chekundu cha kichwa tangu alipokuwa kijana, ila kazi haikumruhusu. Basi kimeshapikwa, kwa magome yale yale ya dada yake, na aliyekipika ni Gathoni. Ukitaka kukijaribu, Mama, tunakuomba utumie shati jeupe la Mzee Mbuvi. Ana deni nasi la maneno makali.

Asante kwa rangi, kwa tope, na kwa kila doa ulilolibeba kwa niaba yetu. Ijumaa Gathoni ndiye atakayekufunga hicho chekundu, na bila shaka umeshamwona. Tangu Jumanne anakuja kazini na kitambaa cheupe kichwani, na hakuna aliyemwambia akivae. Nenda ukapumzike, Mama Syokau. Maisha mema na marefu, na yawe ya rangi.

Nicanor Wamalwa, mfumaji