Tabia ya Adeng Iandikwe Wapi

Mimi ni Shallon wa Mbarara, nauza kahawa ya tangawizi hapa mtaa wa Munuki, kando ya stendi ya bodaboda. Benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wanajifanya wamelirithi kwa baba zao. Siku hizi wanakaa wameligeuzia jiko mgongo, macho kwenye barabara ya kutoka Bilpam, yaliko makao ya jeshi, nami nawapitishia vikombe juu ya mabega. Kizza, dereva wa bodaboda, tunamwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Anaiegesha imeelekea njiani, ufunguo humo humo. Gerishon, Mkenya anayeuza bidhaa za jumla soko la Custom, tunamwita Gavana kwa ajili ya tumbo na maneno. Wa tatu ni Mabior, aliyekulia Nakuru, akarudi nchi hii ilipopata uhuru, na sasa ni mtu wa kompyuta katika kliniki moja. Vita vilipolipuka Desemba tulitawanyika. Tulirudi mmoja mmoja, kila mtu akijifanya hana neno.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne Mabior alifika macho mekundu. Dada yake Adeng halali. Kila jioni anafunga mkoba, anavaa viatu, anakaa mlangoni mpaka kuche. Amekonda hadi gauni linamning'inia. Daktari mgeni pale kliniki amekubali kumtibu, ila anataka kwanza asome utafiti wa wenzake juu ya hali kama hiyo. Kuutafuta ni kazi ya Mabior, na kesho daktari anapanda ndege.

Gerishon hakuona shida iko wapi. Si aandike tu, kompyuta itafute.

— Si rahisi hivyo, mzee, Mabior akasema. Makaratasi ya madaktari ni mamilioni, na kila moja limewekwa chini ya neno lake. Tabia ziko na tawi lao, halafu vitawi: kula, kulala, kuogopa, kutoroka. Ukikosea neno, unapewa ugonjwa wa mtu mwingine.

Juzi aliandika kutoroka, akaletewa watoto wanaokimbia kwao. Akaandika kuzurura, akaletewa wazee wa Ulaya waliosahau nyumba zao. Alipojaribu kuogopa akapata panya wa maabara. Kizza alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nilimwambia anyamaze, maana Mabior hakuwa anacheka.

— Mimi iko naona hiyo ni kazi, Kizza akasema akijipangusa. Andika kazi. Askari iko nalala na buti, nani naitia yeye daktari? Dada yako iko nafanya lindo.

Gerishon akapinga. Kwake yeye, anayefunga mkoba ni msafiri, basi iandikwe safari. Tulipomwambia kwamba Adeng haendi popote, akapanda juu zaidi: kuna watu damu yao ina saa kama ya ndege wa kuhama, wakati ukifika hawatulii. Mabior atafute kwenye ndege. Kizza naye akaingiza ng'ombe, wanaoinusa mvua kabla ya wingu. Kwa hiyo, akasema, Adeng hana ugonjwa ila ananusa kitu kinachokuja, na huyo daktari amuulize kinakuja lini.

Hapo kicheko kilikatika. Niliona Gerishon anaitupia jicho barabara. Nilimchukia Kizza kwa kulisema neno hilo asubuhi mapema vile.

— Ya akhui, ndugu yangu, wacha, Mabior akamwambia taratibu. Nikichagua kulala, atapewa dawa ya usingizi. Wakianza kupigana tena usiku, nani atamwamsha? Nikichagua kuogopa, watasema anaogopa bure. Na si bure. Aleer, jirani yetu, waliokuwa naye walikimbia, yeye akabaki ndani anatafuta viatu. Adeng aliuona mwili wake.

Nilimjazia kikombe bila kuombwa, akakishika tu.

Ndipo Adeng mwenyewe akatokea, amekuja kumwomba kaka yake ufunguo wa nyumba. Mkoba begani, viatu vimefungwa kamba mara mbili. Tangu vita vianze alikuwa hajakanyaga hapa. Alitusalimia kwa adabu, akapokea ufunguo, lakini hakuondoka. Alilitazama benchi, akalitazama jiko nyuma yake, akaitazama pikipiki ya Kizza.

— Dada Shallon, zamani hawa walikuwa wanakaa wanakuangalia wewe, akasema. Nani aligeuza benchi?

Gerishon akamgeukia Kizza. Kizza akanigeukia mimi. Nilikuwa nimedhani ni wao. Niliporudi nililikuta hivyo, na sikuwahi kuuliza. Wao walidhani ni mimi. Mabior alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake mwenyewe.

Mabior akamsogelea Gerishon, nafasi ikapatikana. Adeng akakaa, mkoba mapajani, uso barabarani kama wenzake. Mabior akauliza kama kahawa ipo. Ilikuwa imeisha, na maji yalikuwa mbali, na sikutaka kuwapa mgongo, wao wala barabara.