Adelgunda Komujuni, Mwanamke Aliyebishana na Sinema

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Rugu, wilayani Karagwe. Jina lake Adelgunda Komujuni. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka tisini na moja. Adelgunda Komujuni, wa Rugu.

Alizaliwa mwaka 1924, kwa wafugaji. Aliolewa na Cassian, karani wa kahawa, na mwaka 1948 wakahamia Bukoba mjini. Huko ndiko alikokutana na sinema. Kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa mfanyabiashara mmoja, zilionyeshwa picha za Kimarekani za miaka ile ya arobaini. Picha za mauaji. Mitaa iliyolowa mvua, vivuli virefu ukutani, wanaume wa kofia wenye sigara mdomoni. Cassian alijua Kiingereza kidogo, basi akawa anamnong'oneza mkewe maana.

Adelgunda alizipenda sana picha zile. Lakini alibishana nazo. Binti yake, Kemirembe, ametuambia hivi: "Mama alikuwa anasema, 'Watu wale hawasalimiani. Mtu anaingia kwa mwenzake hata hodi hapigi. Wataachaje kuuana?'"

Kilichomkera zaidi ni yule mwanamke wa picha zile. Mzuri, mwongo, na mwisho lazima afe. Siku moja wakitoka ukumbini akamwambia mumewe, "Umeona, Cassian? Anayesimulia ni mwanamume, tangu mwanzo hadi mwisho. Yule mwanamke hajaulizwa hata mara moja."

"Ni sinema tu, mama Kemirembe."

"Ni sinema nzuri. Lakini hajaulizwa."

Mwaka 1952 wakarudi Rugu. Mwaka uliofuata, jirani yao Rwegasira akafa ghafla. Alikuwa nyumbani kwake, anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mdogo wake, Melkiory, akamshtaki mjane, Eugenia. Akasema amemtilia mumewe sumu. Akataka afukuzwe kwenye kibanja, shamba la nyumbani, aache migomba na kahawa yote.

Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akaita baraza. Melkiory alisimulia vizuri, wasikilizaji. Alisimulia mpaka watu wakalia. Eugenia alikuwa ameketi chini, amejifunika kanga. Wazee walishaanza kunong'onezana hukumu. Hapo Adelgunda akasimama. Cassian akamvuta nguo akae. Hakukaa.

"Shikamooni, baba zangu. Melkiory tumemsikia. Eugenia tutamsikia saa ngapi?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema huyu mama ameharibiwa na mji. Mkungu akafikiri, kisha akasema, "Mjane asimame, aseme."

Eugenia alisema kwa Kinyambo, sauti ndogo. Mumewe alikuwa akibanwa na kifua miezi mitatu. Alimkataza kumwambia mtu, asionekane dhaifu. Kisha akamgeukia Melkiory.

"Shemeji, siku ile mlikunywa pamoja. Kibuyu kimoja, mrija mmoja. Mbona wewe u mzima?"



"Nilikunywa," Melkiory akasema. "Ni kweli, nilikunywa." Halafu akaanza kulia. "Sikuweza kukubali kwamba kaka amekufa hivihivi tu. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa."

Eugenia hakufukuzwa. Nasema tena, hakufukuzwa. Na msimu wa kahawa ulipofika, Melkiory mwenyewe alikwenda kumsaidia kuvuna.

Tulikuwepo kwenye mazishi Ijumaa. Mama mmoja, Deodatha, aliomba kusema. "Mimi ni binti wa Eugenia," akasema. "Siku ya baraza lile nilikuwa tumboni, na mama alikuwa hajamwambia mtu. Nimezaliwa kwenye kibanja kile. Wanangu wamezaliwa pale. Asubuhi ya leo nimetoka pale kuja hapa."

Kwa Kemirembe, wajukuu, na watu wote wa Rugu, poleni sana. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tukae kidogo tufikirie. Yupo jirani ambaye tumeamini neno baya juu yake. Nyumba yake haiko mbali. Kesho asubuhi, kabla ya shamba, tupitie kwake.