Kikombe cha Ndevu

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa zahanati, na wenyewe hawataki kusikia likiitwa bovu. Asubuhi hiyo Fundi Waya, mwangalizi wa kompyuta za zahanati, alikaa upande wa tofali, upande wa wenye mawazo. Sindano, fundi cherehani, alikaa katikati kwa sababu ya mwili. Birika, muuza kahawa, akamimina vikombe vinne kwa watu watatu, kama alivyozoea tangu Ndevu, fundi mwenzake Waya, afariki.

— Fundi, mbona umenuna kama uliyefumwa na sufuria ya nyama? akaanza Sindano.

— Mashine yetu imekataliwa. Majibu ya vipimo hayaji kutoka hospitali kuu.

— Imekosa adabu?

— Kabla ya kupeana majibu, mashine mbili lazima zikubaliane kuhusu ufunguo wa siri, tena hadharani, kila mtu akisikia. Yetu inataja njia za zamani za kuutengeneza. Kule wamezifuta tangu jana.

— Hadharani? akadakia Sindano. Mbona hiyo nimeifanya! Namchumbia mama watoto, baba yake kakaa katikati yetu. Nasema, "Leo kuna joto." Anajibu, "Kuku wamelala." Mzee anasikia kila neno, na saa kumi tunakutana kisimani!

— Si mlikamatwa? akauliza Birika.

— Mzee naye alianza kuniuliza habari za kuku!

— Ndiyo hivyo, akasema Fundi. Njia ikishajulikana, inatupwa.

— Mimi naona mashine ya kule imepata bwana mwingine, akasema Birika.

— Imeolewa kabisa! akasema Sindano. Tena na setilaiti. Nyie subirini talaka.

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika kifuani. Kazi yenyewe, kufuta njia za zamani na kuweka mpya, ilikuwa ya dakika kumi. Tatizo, orodha ya zile njia aliiandika Ndevu kwa vidole vyake, enzi yeye na Fundi walipokuwa wakigombania kiti kimoja chumba cha mashine, na chini yake akaweka mstari: *Waya asiguse.*

— Hiyo njia mpya ina nini cha ajabu? Birika akauliza.

— Haingoji. Salamu ya kwanza inakwenda na kipande cha ufunguo kabisa, kwa kukisia mwenzake atataka njia gani. Ikikosea, inaambiwa, inarudia.

— Kumbe kama mimi na Ndevu. Akitokeza kwenye kona tu, namimina isiyo na sukari. Siku aliyotaka tangawizi nilimwaga, nikamimina upya.

Ndipo akatoka muuguzi wa wodi ya watoto, mgeni, hana hata wiki.

— Shikamooni. Fundi, kuna mtoto anahema kwa shida. Daktari anangoja majibu ya damu ndipo ampe dawa.

Akataka kuegemea benchi, mkono ukagusa kikombe cha nne.

— Hiki cha nani?

Sindano akatazama viatu vyake. Birika akatikisa birika. Halikuwa na kitu.

— Chako, dada, akasema Fundi, akinyanyuka. Kinywe.

Ndani, alifuta njia za zamani moja moja, akaandika mpya. Mashine ikasalimia mara moja, ikaitikiwa. Majibu ya mtoto yakaingia, muuguzi akayakimbiza wodini.

Ule mstari wa Ndevu hakuufuta. Aliongeza mwingine chini yake: *Nimegusa, kaka. Nisamehe.*